Mikono Miwili Ndani ya Redio

Mshonaji hakuifungua redio ile kwa kuwa ilikuwa mbovu. Ilikuwa nzima kabisa, inasema kwa sauti iliyotulia kama ya mtu aliyeshiba. Aliifungua kwa sababu alikuwa na hamu ya aliyeiunda, na mwenye hamu hakosi pa kugusa.

Ilikuwa zawadi. Fundi aliileta mwenyewe imeviringishwa kwenye kitambaa safi, akaiweka juu ya meza ya cherehani na kusema, "Nimekuundia, kwa mkono wangu." Maneno hayo yalimwingia mpaka kwenye mifupa. Tangu mumewe afariki yeye ndiye aliyekuwa akiwaundia watu: magauni ya maarusi, sare za shule, mapazia ya nyumba za wenzake. Kuundiwa kitu alikuwa amekusahau, kama mtu anavyosahau ladha ya kitu alichokila utotoni.

Basi akachukua bisibisi ndogo ya cherehani, akalegeza parafujo, akainua kifuniko cha nyuma. Harufu ikamjia mara moja, nayo ikamrudisha kwenye siku ile ya kwanza.

Siku ile alikuwa amepeleka pasi yake ya nguo kutengenezwa. Fundi hakuwa na mteja mwingine. Alikuwa ameinamia kitu ambacho hakuna mtu aliyemwagiza, kitaa kidogo cha kuwaka chenyewe giza likiingia, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa: akimaliza kazi za watu, alijitengenezea vya kwake, vya kufurahisha roho tu. Akamvutia kiti. Mshonaji akaona jinsi anavyoifuta ncha ya pasi ya kulehemu kwenye sifongo mbichi, ikalia chss, kisha ikang'aa. Akaona waya wa lehemu, mwembamba, wa kijivu, usio na sura yoyote, ukiguswa na ncha ile ukageuka maji ya fedha ghafla, ukakimbia kuuzunguka mguu wa kipuri kana kwamba umeitwa kwa jina lake. Moshi mweupe ukapanda uzi mmoja. Ulikuwa mtamu, una harufu ya utomvu wa mti uliokatwa juani. Fundi akainua mkono, na tone likabaki linameremeta kama jicho la mtoto. Kisha kiwimbi kikapita juu yake, likatulia, likawa gumu. Mshonaji alijikuta amezuia pumzi. Alipoiachia, Fundi alikuwa anamtazama yeye.

"Hata mimi hunitokea hivyo," alimwambia. "Kila mara."

Mapenzi yao yalianzia hapo, kwenye pumzi ile.

Sasa aliipindua bodi ya redio, kile kibao kinachobeba vipuri, kuelekea dirishani, akaanza kuyatazama matone ya lehemu moja moja, kama anavyotazama mishono ya nguo iliyoshonwa na mwingine. Mishono ina mwenyewe. Ukimpa mshonaji mzoefu shati lisilo na jina atakwambia aliyelishona ana haraka au hana, anatumia mkono gani, tena hata kama siku ile alikuwa na hasira. Na matone yale yalikuwa hivyo hivyo. Haya ya upande wa spika aliyajua: vilima vidogo laini, vimekaa, vimemalizwa kwa mguso mmoja. Huo ulikuwa mkono wa Fundi.

Lakini upande wa betri palikuwa na mkono mwingine.

Matone ya huko yalikuwa manene kidogo. Kila moja lilikuwa limerudiwa, na juu yake pamebaki kimkia, na vimkia vyote vililalia upande mmoja. Aliyeyaweka alikuwa mtu asiyeamini jambo mpaka alirudie. Mtu mwenye subira, anayependa kumalizia vizuri. Mshonaji akapitisha kucha juu ya vimkia vile. Mkono ule haukuwa wa mwanamume. Asingeweza kueleza amejuaje, ila alijua, kama anavyojua kitambaa kwa kukifinya gizani.

Kwa mkono wangu, alisema. Mkono wake na wa nani?

"Mbona umeipasua redio ya watu?"

Alikuwa mama mkwe wake, amesimama mlangoni na ndoo. Walikuwa wakiishi pamoja, wawili tu, katika vyumba viwili ambavyo marehemu aliwaachia. Mama huyo ndiye aliyemzaa marehemu, ndiye aliyemfundisha Mshonaji kushika sindano alipoolewa akiwa hajui hata kutunga uzi, na ndiye ambaye sasa alikuwa amekalia neno. Maana kaka yake Mshonaji, aliyekuwa mbali, alikwisha kusema kwamba yeye alimkabidhi dada yake kwa nyumba ile, basi jibu la posa ya Fundi litoke kinywani mwa mama mkwe. Mjomba na shangazi wa Fundi walikuwa waje Jumapili kulisikia jibu hilo. Na mama mkwe hakuwahi kumwita mchumba yule kwa jina lolote isipokuwa Bwana Moshi. Mwanamume gani huyo, alizoea kusema, ukimkaribia unatoka unanuka kama umeunguza sufuria; jibu langu ni hapana.

"Ni yangu, Mama. Naangalia kazi ya ndani."

Mama mkwe akaweka ndoo chini. Akasogea, akainama kuliko ilivyohitajika. "Na umeionaje?"

"Ina mikono miwili. Mmoja wa Fundi, mwingine wa mtu."

"Huo wa mtu ukoje?"

"Unajitahidi."

Mama mkwe akasonya, akanyanyua ndoo yake, maji yakamwagika. Mshonaji alidhani ni hasira kwa niaba yake, akashukuru hata. Akamuuliza afanye nini. Mama yule akasugua kidole chake cha shahada, ambacho alisema alikiunguza kwa mfuniko wa chungu, kisha akajibu kwa sauti ya chini kwamba mwenye swali ni yeye, basi akamuulize mwenyewe. Hakuongeza neno, naye hakuwa mtu wa kukosa neno la kuongeza.

Ndiyo, wivu ni moshi. Ukiingia nyumbani hauachi nguo hata moja. Asubuhi ile Mshonaji alishona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, akafumua, akashona tena vilevile. Yale aliyokuwa ameyapenda kwa Fundi yakaanza kumgeukia. Kwa mfano, Fundi hakuwahi kumwita kutoka nyuma. Hata akimwona mbele barabarani, alikuwa akizunguka, avuke upande wa pili, amtangulie, ndipo amsalimu uso kwa uso. Habari ya kifo cha mumewe Mshonaji aliletewa kwa sauti iliyomwita kutoka nyuma akiwa kisimani. Tangu hapo akiitwa kutoka nyuma huangusha chochote alichoshika. Hakuwahi kumweleza Fundi. Alikuwa amejiambia kwamba Mungu ndiye aliyemfunulia, akapiga magoti akashukuru. Sasa alijiuliza: mwanamume anayejua namna hiyo kuwatendea wanawake, amejifunza kwa nani?

Akaiacha cherehani, akaenda.

Kibanda cha Fundi kilipakana na cha kinyozi, na kinyozi yule mdomo wake haukuwa na kifuniko. Alikuwa amemshika mteja kichwa, lakini aliinua mkasi kumsalimu. Shemeji karibu, alisema, leo umekuja saa za mapema, yule mwenzake Fundi wa alasiri hajafika. Kisha akaona uso wa Mshonaji ulivyobadilika, akarudi haraka kwenye kichwa cha mteja, akakikata upande mmoja zaidi ya mwingine.

Ndani, Fundi alisimama mara alipomwona. Furaha ilimjaa usoni, ya kweli, na hilo ndilo lililomuumiza. Macho ya Mshonaji hayakumtazama. Yalikwenda mezani. Palikuwa na pasi mbili za kulehemu, kila moja kwenye kishikio chake. Palikuwa na viti viwili, na juu ya kimoja mto mdogo wa kukalia.

"Nani anakalia mto ule?"

Fundi akautazama mto kana kwamba umemsaliti. Akafuta mikono kwenye aproni, mara ya kwanza, mara ya pili. Akasema angetaka sana kumwambia, lakini alikwisha kuapa.

"Yupo mtu, basi."

"Yupo."

"Mwanamke?"

"Mwanamke." Hakupepesa. "Sitakudanganya hata neno moja. Lakini jina nimeombwa nilifunge mdomoni, na aliyeniomba si mtu wa kuvunjiwa."

"Mkubwa kwangu au mdogo?"

"Nikijibu hilo nimeshamtaja."

"Na redio yangu aliigusa?"

Fundi akainamisha kichwa. Upande wa betri, alikiri, mtu huyo alimwomba sana. Alitaka na yeye awe ametia mkono katika kitu kitakachokaa chumbani kwa Mshonaji.

Mshonaji akautazama tena mto ule. Mwanamke mwingine, ndani ya chumba chake, kwa vimkia vyake vya fedha, kila siku anapowasha redio. Ujeuri gani huo? Alimtazama mwanamume yule aliyempenda: mabega yake yaliyoinama kwa kazi, nyusi zenye kovu la cheche. Akaona jinsi ilivyo vigumu kumchukia mtu ambaye hata uongo hajui kuusema.

"Mwambie mjomba wako asije Jumapili," alisema. "Mimi niliwahi kuwa na mume. Sikumgawana na mtu isipokuwa Mungu. Siwezi kuanza sasa."

"Nipe mpaka Ijumaa. Nitamwomba anifungue."

"Ukifunguliwa, utanikuta nimefunga."

Akatoka. Fundi alimfuata mpaka kizingitini, na Mshonaji akajua amesimama pale, anataka kuita. Hakuita. Hata katika saa ile hakumwita kutoka nyuma, na yeye akalia njia nzima kwa sababu hiyo.

Nyumbani hakusema alichoambiwa. Alisema tu kwamba mambo yamekwisha, Mama afurahi. Mama mkwe hakufurahi. Alikaa kwenye mkeka akitazama ukuta, chakula kikapoa mbele yake, akauliza yamekwishaje. Mshonaji akamjibu kuwa yupo mwanamke. Mama mkwe akafungua mdomo, akaufunga. Kesho yake alasiri akajitanda shuka yake kama kawaida, akasema anakwenda na akina mama wenzake wa ibada kuwatembelea wagonjwa. Alikuwa akienda wagonjwa sana siku hizi; Mshonaji hata alikuwa amemwonea huruma kwa jinsi watu walivyozidi kuugua.

Alipobaki peke yake alijaribu kutia uzi kwenye sindano na uzi ukakataa. Alasiri. Saa ya mwenye mto. Alijiambia haendi. Alijiambia mwanamke mwenye heshima hachungulii. Akawa anajiambia hayo huku anafunga mlango.

Kinyozi alipomwona akitokea aligeuza kiti cha mteja kikatazama ukuta, akajifanya ananoa wembe. Mlango wa Fundi ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Mshonaji akasimama nyuma yake, na harufu ile ya utomvu ikamfikia, tamu, ya joto, na kwa mara ya kwanza ikamchefua. Akasikia sauti ya Fundi, laini, sauti aliyodhani ni ya masikio yake tu:

"Polepole. Usiilazimishe. Ukiipa joto itakuja yenyewe."

Kisha mwanamke akacheka. Kicheko cha ndani ya koo, cha mtu aliyepatiwa kitu anachokitamani. Mshonaji hakukijua kicheko kile. Aliuma mdomo, akalishika pazia, akalivuta.

Kwenye kiti chenye mto alikuwa amekaa mama mkwe wake. Shuka ilikuwa imekunjwa magotini, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, pasi ya kulehemu mkononi inatoa uzi wake wa moshi. Mbele yake palikuwa na bodi ndogo. Alikuwa anarudia tone alilokwisha kuliweka, anamalizia kwa kulivuta kidogo upande, kama anavyomalizia mshono, kama alivyomfundisha Mshonaji mwenyewe kumalizia mshono, mkono juu ya mkono, katika dirisha lile lile analoshonea hadi leo.

Ndiyo maana hakukijua kicheko. Hakuwa amekisikia tangu mazishi.

 Fundi alikuwa amesimama, rangi imemtoka. Mama mkwe ndiye aliyeanza kusema. Akairudisha pasi kwenye kishikio taratibu, maana moto ni moto hata ukifumaniwa.

"Nilikuja kumpeleleza," alisema. "Nilileta tochi iliyokufa. Nikasema nitamkalia hapa nione ubaya wake nikuletee. Akanipa hiki kidude nishike. Basi."

"Basi, Mama?"

"Ulipokiona mara ya kwanza wewe ulifanyaje?"

 Mshonaji alihisi anapaswa kucheka na hakuweza, kwa sababu nafuu haikuwa imekuja peke yake. Ilikuja imeshikana mkono na hasira. Akamuuliza juu ya wagonjwa. Akamwambia amewatumia wagonjwa wa Mungu kuwa pazia.

"Mgonjwa nilikuwa mimi," mama mkwe akasema. "Macho haya yalishindwa na sindano, ukanipokonya mkasi kwa wema wako, ukasema nipumzike. Nimepumzika mpaka nikachoka. Hapa nikipewa lenzi naona. Kitu kinayeyuka, kinang'aa, kinashika. Nikitoka mikono yangu inanukia. Ningekwambiaje? Kwamba huyo niliyemtukana kwa vinywa vyote ndiye ninayekwenda kukaa naye?"

"Jana nilikwambia yupo mwanamke. Ulinitazama ukanyamaza."

Hapo mama mkwe alishusha macho. Hilo, alisema, halina utetezi. Alikuwa amekuja leo kumfungua Fundi kiapo chake, na alipofika akaona amalizie kwanza kile kipande kidogo.

Ndipo jambo lingine likamjia Mshonaji, likamchoma kuliko yote. Akamgeukia Fundi.

"Kutoniita nyuma. Ni yeye aliyekwambia."

"Ni yeye."

"Na kwamba sipendi kushikwa mkono nikiwa nafikiri. Na kwamba napenda kukaa upande wa dirisha."

"Hayo pia."

"Basi nimependwa na nani, Fundi? Na wewe au na Mama? Nilimshukuru Mungu kwa kuwa unanijua, kumbe ulisomewa."

 Fundi alisogea, akazunguka meza yote, akapita nyuma ya kiti cha mama na pembeni ya kabati, apate kusimama mbele yake.

"Niliambiwa, sikatai," alisema. "Mara moja tu, na hakurudia. Lakini miguu ilikuwa yangu. Kila siku barabarani nimezunguka kwa miguu yangu, hata siku za mvua, na jana uliponiacha sikukuita. Hakuna aliyenisukuma."

Mshonaji alimtazama. Alitafuta mahali pa kutilia shaka usoni mwake, kama anavyotafuta uzi uliolegea kwenye pindo, akapitisha macho mara mbili. Hakupata. Alipata tu mtu aliyeogopa sana kumpoteza na bado hakumgusa.

Akamgeukia mama mkwe, akamuuliza kwa upole, sasa kwa kuwa amemwona Bwana Moshi kwa karibu hivi, mbona Jumapili bado alikuwa anataka kusema hapana?

Mama yule alivua miwani. Bila miwani alionekana mzee, na mdogo.

"Yeye hana ubaya. Nilitafuta, sikuona. Lakini wewe ukija kwake, mimi nabaki na vyumba viwili na ukuta. Tena hapa sitaweza kuja. Watu watasemaje, mama wa marehemu anakaa kwenye meza ya mume mpya? Nawapoteza wote wawili kwa neno moja, na neno lenyewe nitalitamka mimi. Mtu anajikata hivyo kwa mkono wake?"

Nje mkasi wa kinyozi ulikuwa umenyamaza zamani. Woga uliokuwa umemkaa Mshonaji tangu alipoifungua redio ukaanza kushuka. Haukwisha. Alijua kuwa watu hawa wawili wamemficha jambo, na kwamba siku nyingine atawatazama tena kwa jicho la pembeni. Lakini alijua pia kwamba mtu aliyekutia sindano mkononi humwachi peke yake na ukuta.

"Fundi," alisema, "nikija, siji peke yangu. Nakuja na mama. Si mgeni, si wa kukaa uani. Mama. Na watu wakisema, watasema na mimi, maana mimi ndiye mjane na mimi ndiye mkwe. Ukiona ni mzigo, mwambie mjomba wako apumzike Jumapili."

"Mzigo?" Fundi alisema.  "Unajua nimekaa meza hii peke yangu miaka mingapi?"

Mshonaji akasema hajui, na kwamba ana maswali mengine ya kumuuliza, mengi, na asidhani amekwisha kusamehewa. Fundi akasema aulize yote. Akauliza lile la kwanza kwa sauti ya chini, Fundi akalijibu kwa sauti ya chini zaidi, wakawa wamesimama karibu hivi kwamba hapakuwa na nafasi ya kupitisha hata uzi.

Mama mkwe alikuwa amekwisha kuvaa miwani yake. Akaifuta ncha ya pasi kwenye sifongo, ikalia, akaisogeza bodi huku, akaisogeza kule, akashindwa.

"Huyo mjomba wenu aje Jumapili, jibu analo," alisema bila kuinua kichwa. "Lakini hayo mengine nendeni mkayazungumzie nje. Mnanizibia mwanga."

Wakatoka.